Chuma, Plastiki na Neno Moja

Ruti, Mbarara
4 Machi 2012

Baba mdogo,

Yesu asifiwe huko Nakivale. Mimi ni mzima, nakula na kulala, na kile kikohozi cha Januari kimenihama. Mwambie Mama mdogo Nyirabizimana kwamba maharage aliyonitumia yamekwisha, na aibu ya kuomba mengine imekwisha pia. Wanakwaya wakiuliza habari za mchumba, waambie bado natafuta mwanamume anayejibu barua upesi kuliko wewe.

Ningepiga simu kama watu wengine. Lakini mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka mwenye nyumba akatoka akidhani nimeingiliwa na wezi, na wewe upande wa pili ulikuwa bado unasema "allô, allô." Masikio yako uliyaacha kwenye uwanja wa kujaribia bunduki kule Zaire, kwa hiyo acha tuandikiane.

Sasa neno lililonikalisha kitini. Unajua huu ni mwaka wa pili natunza stoo ya silaha ya kampuni ya ulinzi. Walinzi wakitoka kusindikiza magari nawapa bastola, wakirudi nazipokea na kuandika kitabuni. Tuna sita za chuma, za zamani, kila moja imenizidi umri, na mbili mpya zenye mwili wa plastiki ambazo tunazijaribu. Meneja wetu, Bob, anataka kununua za aina moja kwa walinzi wote. Ameniambia, "Liliane, wewe unaandika vizuri, niletee ripoti ya kuzilinganisha." Nimekwenda kusoma kwenye intaneti. Watu wanagombana kule kama mashabiki wa mpira.

Wewe ulikuwa fundi wa silaha jeshini miaka kumi na tisa. Niambie basi ipi hukwama zaidi. Vumbi la Isingiro zitalistahimili? Plastiki haipasuki kwa jua? Ikianguka chini inaweza kulia yenyewe? Ile mpya haina sekirite ya kidole gumba, kile kizuizi cha usalama. Je, ukiishika tu inaweza kulia? Na springi ikichoka, inaweza kulia bila mtu kukusudia?

Nijibu kabla ya Pasaka, tafadhali.

Ni mimi niliyevuka mpaka nimeshika pindo la koti lako,
Liliane


Nakivale, Juru
25 Machi 2012

Binti yangu,

Salamu zako zilifika zimechoka. Mutabazi, huyu anayepeleka maharage yetu Mbarara na kurudi na barua zako, alipitia kwanza Ngarama kutazama mbuzi, akakaa wiki mbili na barua mfukoni. Ina doa la chai, si mimi. Sisi tupo. Mvua imeanza vizuri, mahindi yamefika magotini. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa dume, tukasikitika kidogo, kisha tukamshukuru Mungu. Wakimbizi wapya wanaendelea kufika kutoka kwetu Kongo, na Mama mdogo wako amewagawia wengine kona ya shamba kabla ya kuniuliza. Anasema maharage atakuletea mwenyewe, aone kama kweli unayala wewe.

Kuhusu swali lako, hapana. Siku nilipovuka kuja Uganda mwaka 1996 niliiweka ile kazi chini, na sijainama kuiokota. Niulize habari za mbuzi, za magonjwa ya muhogo, za Waraka kwa Warumi. Bastola siziongelei tena.

Rwakabuba

Barua ilikuwa imekwisha hapo. Lakini Mama mdogo ameisoma akasema ni barua ya mtu mwenye kiburi, na kusema kweli tangu asubuhi mikono yangu inatafuta vipande vya bastola hewani. Basi sikiliza.

Ile ya chuma naijua kama ninavyolijua jembe langu. Ni nzito, na uzito wake unautuliza mkono. Ina nyundo nyuma unayoiona kwa macho: imelala au imesimama, hakuna siri. Ina sekirite ya kidole gumba. Tena ina adabu moja ambayo wengi hawaijui. Ukitoa chajeri, kile kisanduku cha risasi, haipigi. Hata kama risasi moja imebaki ndani, ukibonyeza, inanyamaza. Na ukitaka kuifungua uisafishe, lazima kwanza uvute kifuniko cha juu nyuma ukifunge pale, na tundu inamokaa risasi linakutazama usoni. Ubaya wake ni kutu. Mlinzi akinyeshewa, asipoipaka mafuta siku mbili, inaanza kuota wekundu. Na chajeri za zamani midomo yake imepinda, hapo ndipo risasi zinapokwama. Watu wanailaumu bastola bure.

Ile ya plastiki nimeishika mara chache, ya maofisa waliorudi kutoka Ulaya. Niliicheka. Kisha nikaifungua, nikaacha kucheka. Vipande ni vichache mno, na kila kimoja kina kazi. Vumbi, matope, jasho, haijali, na jua halitaipasua. Badala ya nyundo kuna kitu kama sindano kilichofichwa ndani. Sekirite yake moja iko palepale pa kubonyezea kidole, nyingine mbili ziko ndani. Ikianguka hailii, na kidole kisipobonyeza hailii. Lakini haina ile adabu ya chuma. Umetoa chajeri, risasi moja imebaki ndani, ukibonyeza inapiga. Na aliyeiunda aliamua kwamba ili uifungue kuisafisha, ubonyeze kwanza. Hapo inamtaka mtu awe macho. Ile ya chuma inakwama lakini inasamehe. Ya plastiki haikwami, wala haisamehe.

Umeniuliza maswali sita. Matatu ni swali moja umelivalisha nguo tofauti. Liliane, nani ameumia?


Ruti
7 Aprili 2012

Baba mdogo,

Pasaka njema, ni kesho. Mutabazi amesimama mlangoni ananisubiri, kwa hiyo salamu ni fupi: nawapenda wote, na huyo ndama dume mpeni jina zuri asijione hakutakiwa. Na hapa Mbarara ukisema "chajeri" watakuletea ya simu. Sisi tunasema magazini.

Aliyeumia ni Eriya. Alikuwa mwanajeshi, akaacha, lakini bado anakaa kwenye nyumba za kambi kwa sababu mkewe Goreti ni nesi huko. Ilikuwa siku yake ya pili tu kwenye zamu yangu. Kabla yake nilikuwa nikipokea silaha kutoka kwa Semahoro na vijana wengine wa kwetu Kongo. Tarehe 17 Februari Eriya alirudi na moja ya zile za plastiki. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hivyo hatukwenda nje kwenye pipa la mchanga, ambako silaha huelekezwa wakati wa kukaguliwa. Alitoa magazini akaiweka mezani. Nilimuuliza kama ametoa risasi zote, akasema ndiyo. Bastola ikalia. Risasi ilipita kwenye ubao wa meza ikaingia mguu wake wa kushoto. Madaktari wanasema atatembea, lakini kidole kimoja kimekwenda.

Eriya anasema hakuniambia kamwe kwamba ametoa. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu, na yangu ni mazima. Mmoja wetu ni mwongo, Baba mdogo, na si mimi. Bob anasema kosa ni la bastola, au la Eriya, au langu. La nne hakuna. Kama ni langu, kazi imekwisha, na ofisini wapo waliosema toka mwanzo kwamba mkimbizi hafai kupewa ufunguo wa stoo. Hiyo ndiyo ripoti anayoitaka, na amenipa mpaka mwisho wa Agosti.

Nakuomba kitu kimoja. Andika karatasi, utie sahihi na cheo chako cha zamani, useme bastola za plastiki zinajulikana kwa kulia zenyewe. Haitamuumiza mtu. Eriya ataachwa, mimi nitaachwa, tutanunua za chuma, yaishe.

Liliane wako


Ruti
13 Mei 2012

Baba mdogo,

Mutabazi amekuja mara mbili mikono mitupu. Nyumbani ni wazima? Mama mdogo? Ndama? Mimi mzima.

Kuhusu ile karatasi, kama ni hapana, andika hapana. Kunyamaza kwako nakujua tangu utotoni, lakini nilidhani nimekua.

Liliane


Nakivale, Juru
3 Juni 2012

Binti yangu,

Wote tuko hai. Ndama anaitwa Shujaa, kwa sababu alipigana na mbwa wa mchungaji akashinda. Mama mdogo alipatwa na malaria, akalala wiki nzima, kisha akaanza kunigombeza, ndipo tukajua amepona.

Nilinyamaza kwa sababu kila nilipotaka kuandika hapana, ilinibidi nieleze kwa nini, na sijawahi kumweleza mtu. Mke wangu mwenyewe amesikia juzi kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1989 nilikuwa na rafiki kambini, sajini anayeitwa Kalume. Aliniletea bastola yake ya chuma, nyundo ilikuwa inateleza. Kulikuwa na joto, tulikuwa tunacheka, sikumbuki tena tulicheka nini. Ile adabu niliyokusifia, fundi mwingine alikuwa ameing'oa kabla yangu, nami nilijua, kwa maana ni mimi niliyeandika kitabuni kwamba imeng'olewa. Nilitoa chajeri. Sikutazama tundu. Nikabonyeza. Goti la Kalume halikukunjika tena sawasawa maisha yake yote.

Walinitaka ripoti. Niliandika kwamba springi ilikuwa imechoka na bastola ililia yenyewe. Nilikuwa fundi, nani angebisha? Kalume alinishika mkono akasema, "Rwakabuba, bila weye bangesema ni mimi." Mwanawe wa kwanza akampa jina langu. Kisha wakuu, kwa kuamini ripoti yangu, wakabadilisha springi za bastola zote za kambi. Hakuna aliyebadilisha desturi. Miaka miwili baadaye kijana mwingine alitoa chajeri, hakutazama, akabonyeza, na mwenzake akafa. Springi ilikuwa mpya kabisa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, nimeitembea miaka ishirini na mitatu. Kwa hiyo usiniambie haitamuumiza mtu. Karatasi hiyo siiandiki, na wewe usiiandike.

Sasa nijibu mambo mawili. Ilipolia, ilikuwa mkononi mwa nani? Hilo uliliruka. Na la pili, niandikie maneno mliyoambiana wewe na Eriya. Sitaki maana yake. Nataka maneno yenyewe, kama yalivyotoka mdomoni.

Baba yako mdogo


Ruti
24 Juni 2012

Baba mdogo,

Namshukuru Mungu kwa Mama mdogo, na mpe Shujaa nyasi kwa niaba yangu.

Nililia nikisoma barua yako. Kwanza kwa hasira, kisha kwa ajili ya Kalume, kisha kwa ajili yako. Siku tatu sikutaka kukujibu. Ya nne nikaona nafanana nawe kuliko nilivyotaka.

Ilikuwa mkononi mwangu. Niliichukua mezani nikabonyeza, ili niifungue niisafishe. Sikuvuta kifuniko. Sikutazama. Eriya alikuwa ameinama anatia sahihi kitabuni. Miezi minne nawaambia watu "ikalia," kana kwamba ni jogoo.

Na maneno ni haya. Nilisema, "Eriya, umetosha?" Akasema, "Imetosha, madam." Nikarudia, maana mvua ilikuwa na kelele, "Umetosha kweli?" Akasema, "Imetosha yote." Hayo tu. Nimeyaandika, nimeyasoma tena, na bado nasoma kwamba aliniambia ametoa.

Liliane


Nakivale, Juru
8 Julai 2012

Liliane!

Leo salamu zitasubiri. Nimecheka mpaka Mama mdogo akaniletea maji, kisha nikakaa chini nikaona si jambo la kucheka.

Kwetu Kongo kutosha ni kutoa. "Tosha viatu," tunamwambia mtoto anayeingia na matope. Kila asubuhi niliwaambia wanajeshi wangu, "Batu bangu, mutoshe masasi kwanza, kisha muangalie fasi yake kama haina kitu." Lakini kwa Eriya, na kwa kila Mganda aliyejifunza Kiswahili jeshini au sokoni, kutosha ni kutimia. Wewe unalijua hilo. Ukienda dukani unasema sukari imetosha, kama wao. Miaka kumi na sita uko Uganda! Ila ukishika silaha unarudi kwenye mdomo wangu, na kwa kuwa Semahoro na wenzake walikuelewa, hukuwahi kujisikiliza.

Sasa fikiri. Mlinzi akirudi, huulizwa nini? Kama risasi zimetimia. Wewe ulimuuliza kama ametoa. Yeye akasikia unauliza kama zimetimia. Akajibu kweli. Nilikuwa na wewe moyoni nikimwita mtu huyo mwongo, na Mungu anisamehe, kwa maana hakuna mwongo kati yenu. Kila mmoja alisema kweli kwa Kiswahili chake.

Lakini usishangilie. Neno lilikudanganya, jicho lako lilikuwa wapi? Tangu masikio yangu yaharibike nimeacha kuuliza watu kama wamefunga mlango. Naenda kuangalia. Tundu la risasi halina lugha, binti yangu, na wewe hukulitazama. Nami sikulitazama.

Nenda kwa Eriya kwanza, kabla ya Bob. Mweleze lile neno, kisha mwambie mkono ulikuwa wako. Unaweza kupoteza kazi. Ukiipoteza, njoo, shamba lipo. Mama mdogo atafurahi siku tatu, ya nne ataanza habari za mchumba. Mimi nitakuwa na fahari siku zote.

Rwakabuba


Ruti
5 Agosti 2012

Baba mdogo,

Salamu nyingi, na pole kwa kunisubiri. Mama mdogo apewe shukrani kwa maharage. Mutabazi ameapa hakuonja, na gunia linasema vingine.

Nilikwenda kambini Jumapili baada ya ibada. Goreti ndiye aliyefungua. Alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Banange! Wewe nakuja kumaliza ile mguu ingine?"

Nilikaribia kugeuka. Eriya aliita kutoka ndani, "Wacha aingie." Alikuwa amekaa, mguu juu ya kiti, redio mapajani. Nikasimama tu katikati ya chumba, maana hakuna aliyeniambia nikae, nikamuuliza kama anakumbuka tulichoambiana.

"Nakumbuka sana. Wewe nauliza mimi, umetosha? Mimi nahesabu. Kumi na nne iko kwa magazini, moja iko kwa chemba. Kumi na tano. Nasema imetosha. Sasa uongo yangu iko wapi?"

Baba mdogo, alijua moja iko ndani. Alikuwa ameniambia! Nikamweleza kwamba kwetu kutosha ni kutoa.

"Kutosha ni kutoa?"

"Ndiyo."

Alifikiri. Kisha akamgeukia mkewe. "Goreti, siku hawa watu ya Congo wakituita kwa harusi, usiseme chakula imetosha. Watabeba sahani."

Goreti ndiye aliyeanza kucheka, bila kutaka, akiwa ameziba mdomo. Sote tukacheka. Halafu Eriya akaacha ghafla.

"Lakini triga ni wewe livuta."

"Ni mimi."

"Na chemba hukuangalia."

"Sikuangalia. Nisamehe, Eriya."

Akaiweka redio chini. Akasema, "Mguu itapona. Ile ilikuwa nauma mimi ni jina. Watu wote kwa kampuni nasema Eriya ni muongo, hata watoto ya jirani." Goreti akaniletea kiti. Nikaketi nikalia, na yeye akanipa chai yenye maziwa mengi.

Kesho yake tulikwenda kwa Bob pamoja, Eriya na mkongojo wake. Nilisema yote. Bob alituangalia kama watu wawili waliomletea mbuzi ofisini. Akasema, "Andika kama ulivyosema." Nikaiandika ile ripoti, nakala iko ndani ya bahasha hii. Ukurasa wa kwanza ni wa chuma: nzito, inatulia, inakwama kwa magazini mbovu, inashika kutu, inasamehe. Wa pili ni wa plastiki: nyepesi, haikwami, haiogopi vumbi wala mvua, na hailii yenyewe hata kidogo, lakini inataka mtu anayetazama. Wa tatu ni wangu. Niliandika kwamba plastiki inafaa zaidi kwa kazi yetu, na kwamba kilichoharibika ni desturi yetu ya kuulizana. Nikapendekeza hivi: asiulize mtu, asijibu mtu. Magazini itolewe, kifuniko kivutwe, wawili watazame tundu, kidole kidogo kiingizwe, kisha bastola ielekezwe mchangani ndipo ibonyezwe, mvua inyeshe isinyeshe.

Bob ameichukua ripoti, na ufunguo ameuchukua pia. Niko getini, nafungulia magari. Sijafukuzwa, sijasamehewa. Lakini nalala usingizi.

Liliane


Nakivale, Juru
2 Septemba 2012

Binti yangu,

Tumevuna, tumekausha, tumekula. Mama mdogo wako anawaambia watu wa kanisa kwamba umepandishwa cheo kwenda getini, kwa maana ni wewe sasa unayeamua nani aingie. Sikumsahihisha.

Nimesoma kurasa zako tatu mara tatu. Za kwanza mbili ningeziandika hivyo hivyo mimi, labda ningeongeza habari za springi ya chajeri, kwamba isikae imejazwa mwaka mzima bila kuangaliwa. Ukurasa wa tatu nisingeuweza. Nakuambia wazi, mimi mzee wa miaka sitini na moja, kwamba umenipita.

Kwa hiyo nimeandika na mimi. Kalume yuko Uvira, hai, na mchungaji mmoja anayeenda huko amekubali kuibeba barua. Nimemweleza yote, goti na springi. Sijui atajibu nini, sijui kama atajibu. Mkono unaniuma kama niliyelima ekari nzima, lakini ni maumivu ya kazi iliyokwisha.

Niandikie Bob akisema neno. Akisema baya, niandikie vilevile.

Rwakabuba


Ruti
21 Oktoba 2012

Baba mdogo,

Amani iwe nanyi, na hongera kwa kuandika Uvira. Namwombea Kalume apate miwani mizuri, maana mwandiko wako ni wa kufukuzia kuku. Mimi ni mzima sana, utaona sababu.

Bob aliniita tarehe mosi. Alikuwa na barua mbili mezani. Ya kwanza ni ya onyo, imeandikwa kosa langu bila sukari, nikaitia sahihi. Ya pili ilikuwa oda ya bastola kumi na mbili za plastiki. Akasema ofisini wapo waliotaka niende, akawauliza nani kati yao alishawahi kuandika kosa lake mwenyewe ukurasa mzima kwa hiari, wakatazama dari. Kisha akanisukumia ufunguo. "Kila mlinzi afanye kama ulivyoandika. Akikataa, niletee jina."

Wiki mbili tukawafundisha. Semahoro alilalamika kwamba kidole chake kidogo ni kinene. Nimemwambia apunguze ugali. Neno "tosha" nimelipiga marufuku ndani ya stoo, kwa maana zote mbili, na mimi mwenyewe limenitoka mara nne.

Jumanne iliyopita Eriya alirudi kazini. Anachechemea kidogo, anasema kitaisha. Nilimpa bastola asubuhi akaenda na gari la Kabale. Siku nzima nilikuwa naangalia saa. Nilijua akirudi atanikabidhi, na nikishaipokea, sheria niliyoiandika mimi inasema mlinzi asimame pembeni ya pipa mpaka mtu wa stoo abonyeze.

Alirudi saa kumi na moja, jua bado kali. Tukatoka nje. Akatoa magazini. Akavuta kifuniko. Akatazama, nikatazama, nikaingiza kidole. Tupu. Akanikabidhi. Nikamwambia kama anataka anaweza kwenda mbali kidogo, sitaandika popote.

"Mimi niko sawa hapa," akasema. "Vuta."

Nikaelekeza mchangani, nikabonyeza. Ikatoa sauti ndogo kavu, basi. Eriya hakuwa amesogeza mguu hata kidogo. Akaniambia nipumue. Tukaingia ndani, nikaandika, akatia sahihi, akaniuliza kesho stoo inafunguliwa saa ngapi.

Mwanao,
Liliane, mtunza stoo